Usizibe Macho

Mama Boke,

Ulikufa Jumanne, saa nne asubuhi, hospitali, kitanda cha pili kutoka mlango. Nilikuwa nimeshika mguu wako kwa sababu mkono ulikuwa na sindano ya maji. Mguu ukapoa. Ndio hivyo.

Tulikuzika Jumamosi nyuma ya nyumba hapa Uriri. Leo ni Jumapili ya pili. Naandika na kalamu ya Boke, kwa daftari yake ya hesabu, kurasa za nyuma. Alinipatia mwenyewe, akasema nisipasue. Najua hautasoma. Hii barua sifungi kwa bahasha, nitaipeleka wapi? Itakaa hapa kwa meza. Mwenye ataisoma asome. Lakini kuna kitu lazima nikuambie, na nisiposema mwili unaniwasha. Wiki nzima sikai. Naketi, nasimama. Nachukua panga nanoa, na panga iko na makali tayari. Natoka nje naangalia juu, narudi ndani naangalia ukuta.

Kitu chenyewe ni hiki. Niliziba.

Wacha nianze na mabati, ndio tuelewane wewe na mimi. Unakumbuka tulinunua kuukuu, za stoo ilibomolewa kule Awendo. Kila bati ilikuwa na mashimo ya misumari ya zamani. Nikapanda juu na kopo la lami kuyaziba. Wewe ukabaki ndani. Nikasikia unapiga kelele.

"Wacha! Hiyo wacha!"

"Hiyo gani?"

"Hiyo simo. Na ile simo ingine."

Nilicheka mpaka karibu nianguke na lami. Nikashuka nikasimama kwa mlango. "Shimo, wewe. Sema shhh, kama mtu ananyamazisha mtoto."

"Simo."

"Shhhhimo."

Ukaniangalia. Mimi Mkuria, wewe Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga, lugha ya nyumba yetu ni Kiswahili, na hakuna kati yetu mwenye alikijua vizuri. Ukasema, "Mwenye kila jioni anasema anaenda kurara ndio ananifundisha?" Halafu ukasema, "Basi. Siiti simo tena. Ni macho. Haya, cheka hiyo."

Kwenu hata jua mnaita wang' chieng', jicho la jua, kwa hivyo kwako haikuwa kitu kigeni. Kutoka siku hiyo ile mashimo ikawa macho. "Baba Boke, jicho la hapa kwa kitanda linaingiza mvua." "Baba Boke, leo macho yako sawa." Mimi niliendelea kuita mashimo, kwa makusudi, ndio usikie. Wewe ukaendelea na macho. Miaka yote hiyo.

Uliacha saba. Mengine yote ukaniruhusu nizibe, hayo saba ukakataa. Kule kazini kwa kukata miwa niliambia watu bibi yangu anataka nyumba ivuje, wakacheka sana. Mvua ikinyesha, kopo saba chini. Nikafikiria labda ni mambo ya kwenu, nikayaacha.

Halafu nikaanza kuona ukuta. Ulikuwa unafanya nikiwa kazini. Narudi jioni naona mistari ya mkaa kwa ukuta, ule wa upande wa kitanda. Kesho yake naona buluu ya nguo umepaka katikati ya mistari. Nikauliza buluu ya shati ya kanisa imeenda wapi. Ukasema imeenda ziwani. Nikaona umekata karatasi na wembe wangu wa ndevu, kalenda ya tisini na nne, ile ngumu yenye kung'aa, umekunja mitumbwi midogo saba, umeibandika kwa ukuta na miiba. Na karatasi ya mfuko wa simiti umekunja mara nyingi, ukakatakata pembeni, ukifungua ni wavu. Ukaitundika na uzi mbele ya dirisha. Nikauliza ni pazia gani hii, watu wanaona ndani? Ukasema ngoja Jumapili.

Jumapili nilikuwa nataka kulala. Ndiyo siku yangu moja. Ukanivuta sikio. "Amka uone kwetu."

Ilikuwa saa tatu. Jua limepanda kidogo. Ile mashimo saba ikaleta mwanga, duara saba kama shilingi, juu kabisa kwa ukuta. Zikawa zinashuka pole pole. Nikasema, sasa? Ukasema nyamaza. Zikashuka, na kila moja ikaenda kukaa mbele ya mtumbwi wake. Saba, zote pamoja. Kama karabai. Na kivuli cha ule wavu kiko chini kwa sakafu, kinatingika na upepo.

Ulisema hivyo ndio Rusinga inakaa wakati watu wanavua omena, dagaa wa ziwa, na taa, unaona ziwa lote kama mji. Ukasema ukiwa mdogo ulikuwa unasimama kwa mlango na dada yako Anyango mnahesabu taa ndio mjue baba yenu bado yuko. Yake ndiyo ilikuwa mbali kuliko zote. Huku Uriri hakuna ziwa. Mwaka wa kwanza ulilia sana, mimi nikasema utazoea.

Halafu zile taa zikashuka zikapita mitumbwi, zikaingia kwa maji ya buluu, zikafika sakafuni, zikaisha. Labda dakika kumi. Nikasema, "Ni hiyo tu?" Ndio neno nilisema. Nimelikumbuka sana wiki hii.

Wewe ulicheka tu. "Kesho iko tena. Lakini kesho wewe uko kwa miwa."

Yule mwalimu wa Homa Bay mwenye alikuja kununua njugu zako, yeye hakusema ni hiyo tu. Alikaa na njugu kwa mkono, hakula hata moja. Akasema, "Mama, bandua hii yote nipeleke shuleni watoto waone." Ukacheka mpaka ukashika tumbo. "Mwalimu, karatasi nitabandua. Na jua nitabandua na nini?"

Ndio ukaenda mwenyewe Homa Bay. Wiki moja ulisema. Siku ya nne nilikufuata na hasira, nyumba haina mtu wa kupika, mimi na Boke tunakula viazi. Nikakukuta kwa ile holi ya shule, umeketi chini, miguu umenyoosha, mikono haifanyi kitu. Sakafu yote umeandika na chaki. Saa mbili hapa, saa nne hapa, saa kumi hapa. Kila mahali jua limegusa umechora mviringo.

"Umekuja huku kukaa?" nikauliza.

"Nyumba hii siijui bado," ukasema. "Nitaweka nini kwa nyumba siijui?"

"Ni ukuta. Weka."

"Wewe ukipewa shamba la miwa unaingia tu na panga bila kuangalia miwa imelalia wapi?"

Hapo ulinishika. Nikaketi. Nikakaa mpaka siku ya mwisho, na nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku moja. Nyapara alinitukana vizuri.

Ulichora matete ya ziwa na mkaa, marefu kunishinda mimi. Ndege ukakata kwa karatasi ya simiti, ukatundika na uzi karibu na ukuta, na mtu akiingia asubuhi anaona tu takataka inaning'inia. Saa kumi jua likaingia kwa matundu ya hewa kule juu. Vivuli vya ndege vikaanguka ndani ya matete. Halafu mtoto mmoja akafungua mlango, upepo ukaingia, na wote wakaruka mara moja. Watoto walipiga nduru! Mwalimu alikuwa anasema nyamazeni na yeye mwenyewe analia. Mimi nilisimama nyuma. Ulidhani sijapenda. Nilikuwa naangalia ndege, ndio maana.

Mwaka uliofuata waliweka dari na wakapaka rangi mpya. Nilikasirika kuliko wewe. Ulisema, "Ilikuwa ya pale. Imeishia pale." Ukaenda kuchambua njugu. Mimi sikuweza kusema hivyo wakati ule, na hata sasa siwezi. Kwa sababu baada ya Homa Bay imebaki ile ya nyumba tu. Hakuna ingine yako kwa dunia.

Sasa sikia vile niliharibu.

Jumatatu, siku moja kabla ufe, uliamka kidogo. Midomo imekauka. Ukaniita. "Baba Boke. Usizibe macho."

Nikasema sitaziba. Ukauliza tena, "Umesikia? Usizibe." Nikasema nimesikia, lala.

Nilisikia vibaya. Nilifikiri ni macho ya kichwa. Nilifikiri unaogopa giza ya sanduku. Na hata nilijua neno si lake, Mama Boke! Macho inafumbwa. Ni shimo ndio inazibwa. Hata mtu wa darasa la nne kama mimi anajua hiyo. Ulisema ziba. Nikafikiri moyoni, ni Kiswahili chake tu, mpaka kifo inamkuta hajajifunza.

Kwa hivyo ulipokufa nesi alikuja kukufumba macho, nikamshika mkono. Alisema, "Baba, achilia, ni kazi yetu." Nikasema huyu ameniambia asifumbwe. Tulivutana. Mtu na bibi yake amekufa anavutana na nesi. Akaniachia. Ulikuja nyumbani hivyo, macho nusu. Anyango alifika kutoka Rusinga Alhamisi, akafunua kitambaa, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Yuora, dada yangu anaangalia nini?"

Anapenda kuniita yuora, shemeji, akitaka kunipiga.

"Ni yeye alisema."

"Alisema nini? Azikwe akiangalia udongo? Nyinyi jamwa mnazika watu namna gani?"

Jamwa, yaani sisi wenye si Wajaluo. Nilikuwa nimetimiza neno lako. Nilijiona mume wa maana.

Na ile Jumatano, kabla afike, nilikuwa nimefanya kazi ingine. Mawingu yalikuwa mengi. Watu wa kwenu wanakuja, watalala kwa nyumba, nikasema hawatanyeshewa kwa nyumba ya mtoto wao wakasema Mkuria alimweka kwa kichungi. Nikaenda kwa wale wanatengeneza barabara, wakanipa lami kwa debe. Nikapanda. Nikaziba yote. Yale saba pia. Niliziba vizuri, nikaweka na kipande cha gunia chini ya lami, ishike. Mikono ilikuwa na kazi, nikasikia afadhali. Mvua ilinyesha Ijumaa na hakuna tone liliingia. Mjomba wako alisifu nyumba.

Watu wakaenda. Anyango akabaki kukaa na Boke. Jumatatu jua likatoka. Nikamkuta Anyango ameoga, amevaa vizuri, ameketi kwa kitanda anaangalia ukuta.

"Nangoja taa," akasema. "Kila mtu akitoka huku alikuwa anatuletea maneno ya hii ukuta. Ati boti ya baba iko. Nataka kuona kabla nirudi."

Saa tatu ikafika. Ukuta giza. Saa tatu na nusu. Akauliza, "Ni saa ngapi zinawaka?"

Boke akasema, "Baba ameziba macho."

Hivyo tu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakula uji.

Mama Boke, nilisikia kama mtu amenipiga na kipande ya muwa kwa shingo. Nikatoka nje. Nikazunguka nyumba mara ngapi sijui. Nikarudi nikamwambia Anyango yote, simo, macho, vile nilikucheka, vile ukabadilisha neno kwa sababu ya kicheko yangu. Aliangalia chini. Nikafikiri atanitukana. Akaanza kucheka, yule mwanamke, akacheka na machozi inamwagika. "Simo," anasema, "simo, simo. Mimi pia siwezi kusema hiyo kitu." Halafu akajifuta uso. Akasema, "Panda ufungue."

Nikapanda na msumari na jiwe. Juu kule ni lami kila mahali, ya zamani na ya juzi, zote nyeusi. Madoa zaidi ya hamsini. Yale saba ni gani? Na nikiwa nasimama pale mawingu yakarudi yakafunga. Bila jua huwezi kujua umefungua nini. Jumanne mawingu. Jumatano mvua. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, jua linatoka saa nane, limeshavuka upande ule mwingine. Nyapara alikuwa amenipa ruhusa mpaka leo. Anyango naye anaondoka kesho asubuhi. Kila siku napanda saa mbili, naketi kwa bati kama kuku, nangoja. Majirani wakaanza kupita polepole wakiangalia.

Leo lilitoka.

Nikatoboa ya kwanza. Anyango ndani akapiga kelele, "Iko kwa sufuria! Umemulikia sufuria!"

Nikatoboa ingine. "Kwa mguu wa kitanda!"

Ingine. "Kwa mlango! Yuora, unatafuta ziwa ama unatafuta barabara?"

Nikatoboa ya nne pembeni kabisa. Nikasikia anakaribia ukuta. Halafu akasema, "Hii iko kwa ukuta. Lakini haiko kwa boti. Iko nje ya maji."

Nikashuka. Kweli, mwanga uko kwa ukuta, mkono mmoja kutoka mahali buluu inaisha, kwa udongo mtupu. Nikakaribia kuangalia. Ndio nikaona kitu sijawahi kuona, na nimelala karibu na huo ukuta miaka. Kando ya kila mtumbwi kuna vitundu vidogo, vya miiba. Mstari mzima, vinaenda kushoto, vinarudi kulia. Nikauliza Boke hii ni nini. Akasema, "Mama alikuwa anahamisha. Jua linahama, na boti zinahama."

Kumbe. Kumbe hata ningepata yale saba yako sawasawa, taa hazingekuja kwa mitumbwi. Hujaihamisha tangu uanze kuumwa. Jua limeshaenda mbali na mitumbwi iko pale uliiwacha. Mimi nilidhani ulifanya mara moja ukamaliza, kama mtu anapaka nyumba. Kumbe kila wiki ulikuwa unafanya kazi, na jioni ukiniambia, "Leo zimewaka zote," mimi nauliza chakula iko wapi.

Nikashika ule mtumbwi wa pembeni, nikang'oa mwiba.

"Usiguse!" Anyango akanirukia. "Hiyo ni ya baba!"

"Taa haitamfuata. Atafuata taa."

"Dada yangu ndiye aliiweka hapo!"

"Dada yako aliitoa hapa, na hapa, na hapa." Nikamwonyesha vitundu. Aliweka kidole kwa kila kimoja. Alichukua muda. Taa ilikuwa inashuka, mimi nimeshika mtumbwi wa karatasi na mkono huu wa kukata miwa, nasema shemeji, inaenda, shemeji tafadhali.

Akaniachia.

Nikachoma mwiba kwa udongo mtupu. Nikaweka chini kidogo ya mwanga, vile nilikumbuka wewe ulikuwa unaweka. Tukangoja. Ikashuka ikakaa mbele ya mtumbwi, pale pale, duara moja. Karabai moja kwa ziwa nzima.

Anyango akachukua mkaa jikoni, akachora mawimbi mawili chini yake, haraka, yamepinda, si kama yako. Halafu akarudi nyuma akaangalia. Mtumbwi uko mbali sana na zile zingine sita.

"Ni sawa," akasema. "Baba alikuwa anavua mbali namna hiyo."

Ikawaka kidogo, ikashuka majini, ikaisha. Boke alikuwa amesimama kwa mlango na kikombe. Alikuja akanipa kalamu.

Hiyo ndio nilitaka kukuambia. Niliziba macho yenye uliniambia nisizibe, na nikaacha wazi yale hukusema. Nimefungua moja, na si lako, ni langu, limepinda. Sufuria, kitanda na mlango nimeziba tena. Hili moja silizibi. Nimeweka karai chini.

Zimebaki sita. Sijui kuhamisha vile ulihamisha. Nitakosea. Lakini vitundu vyako viko, navifuata na kidole, na Jumapili ziko nyingi. Msumari wa kutobolea nimechomeka kwa ukuta karibu na mlango, hakuna mtu anautoa. Buluu imekwisha, nitaleta ingine kutoka soko. Wembe wako nimeurudisha kwa kopo lake. Ndio, nimesema wako.

Macho yako tulifukia hivyo hivyo, nusu wazi. Nilitaka kujilaumu juu ya hilo pia, lakini siwezi. Hata kama hukuomba, baki nayo.

Nenda salama, Nyar Rusinga, binti wa Rusinga. Saa tatu itanikuta katikati ya miwa, nimeinama, sioni kitu. Nitainua kichwa mara moja tu, nyapara asinione. Boke ataniambia jioni kama imewaka, na sitauliza chakula kwanza.

Kesho narudi kazini.

Baba Boke